Mkakati wa kupunguza vifo vya barabarani nchini: tuanze na dereva, barabara au takwimu?

Mwalimu wa Njia Kuu ameuliza:

Ndugu wanajukwaa,

Naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu, kwa kuwa linatugusa sote tunaoishi kandokando ya barabara kuu. Katika salamu za mwaka mpya alizotoa usiku wa tarehe 31 Desemba 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alitaja ajali 1,735 zilizotokea nchini mwaka ule na vifo 1,715 vilivyotokana nazo, akaeleza kwamba zaidi ya asilimia 70 vilisababishwa na makosa ya kibinadamu, yaani uzembe, mwendo kasi na kutotii sheria. Kila inapotokea ajali kubwa tunasikia maelekezo yale yale: trafiki waongeze doria, madereva wazembe wafungiwe leseni, mabasi yakaguliwe upya. Sipingi hata moja kati ya hayo. Ninachouliza ni kama hayo yote yakijumlishwa yanakuwa mkakati, au ni majibu tu ya ajali ya jana.

Ninafundisha katika shule ya msingi iliyo kwenye mji mdogo katika barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma. Shule na zahanati ziko upande mmoja wa lami, soko na sehemu kubwa ya makazi ziko upande wa pili, kwa hiyo hakuna kaya isiyovuka. Kibao cha 50 kipo pande zote mbili za kuingilia mjini. Askari wakiwapo na tochi yao, magari hutambaa. Lakini madereva wanaopishana huwashiana taa kupeana habari, na matokeo yake mwendo hushuka mita mia chache kabla ya askari na kupanda tena mara tu akishapitwa. Michirizi ya pundamilia imefutika kiasi kwamba dereva mgeni hawezi kujua kuwa pale ni kivuko. Watoto wa darasa la kwanza huvuka wameshikana mikono, mmoja wa darasa la sita akiwa ametangulia huku amenyoosha kiganja kuelekea lori.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, ingawa imefanyiwa marekebisho, na Sera ya Taifa ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 2009. Umoja wa Mataifa umetenga miaka ya 2021 hadi 2030 kuwa muongo wa pili wa utekelezaji wa usalama barabarani, lengo likiwa kupunguza vifo na majeruhi kwa angalau asilimia 50. Kwa wenye ujuzi: serikali ikitaka kweli kufikia hapo, ianzie wapi? Na sisi wa miji kama huu wetu tudai nini, na tukidai kwa nani?

---

Mhandisi Lami amejibu:

Mwalimu, swali lako linatuhusu sisi wa ujenzi wa barabara kabla halijawahusu trafiki. Kusema kwamba ajali imesababishwa na kosa la kibinadamu ni kusema kweli, lakini ukweli huo hautupi kazi ya kufanya kesho asubuhi. Dereva atachoka, mtoto atachomoka mbio kufuata mpira, mwendesha baiskeli atayumba. Bunge la Sweden lilipopitisha mwaka 1997 lengo la kufikia sifuri ya vifo barabarani, jambo kubwa lililobadilika halikuwa faini. Lilikuwa ni kukubali kwamba wanaosanifu na kusimamia barabara nao wanawajibika kwa vifo vinavyotokea juu yake, na kwamba barabara ijengwe kwa namna ambayo kosa la kawaida la binadamu halitamgharimu maisha.

Kiini cha yote ni mwendo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, uwezekano wa ajali yenye kifo hupanda kwa asilimia 4, na kwamba mtembea kwa miguu akigongwa na gari lililo kwenye kilomita 65 kwa saa badala ya 50, hatari ya kufa huongezeka mara 4.5. Sasa tazama barabara ya mji wako: imenyooka, ni pana, lami yake ni laini na mabega yake ni mapana. Umbo lote hilo linamruhusu dereva kukimbia, halafu tunasimika kibao kimoja cha bati kinachomwomba asikimbie, na kibao kikishindwa tunamleta askari ambaye hawezi kukaa pale mchana na usiku.

Kinachofanya kazi ni kuubadilisha umbo la barabara inapoingia mjini. Kiwekwe kisiwa katikati ya barabara ili njia zifinywe na anayevuka avuke nusu kwanza, apumzike, kisha amalizie. Kivuko kiinuliwe hadi usawa wa njia ya waenda kwa miguu, ili gari lipande na kushuka penye watu. Njia ya waenda kwa miguu itenganishwe na lami kwa ukingo wa zege, na kuwe na taa. Azimio la Stockholm la Februari 2020 lilitaka mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo watu na magari huchanganyika mara kwa mara, isipokuwa pawe na ushahidi kwamba mwendo mkubwa zaidi ni salama. Hii 50 yetu, hata ikitiiwa, bado ni kubwa mbele ya lango la shule ya msingi.

Haya hayahitaji fedha za kutisha. Shirika la Amend limefanya kazi hiyo kwenye shule za Dar es Salaam na miji mingine ya Afrika kwa vitu vya kawaida kabisa: njia za miguu, matuta, vivuko, nguzo fupi za kuzuia magari kupanda pembeni, na mafunzo kwa wanafunzi. Mpango huo ulipata mwaka 2019 tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI, na sababu si uzuri wa maelezo yake, ni kwamba majeruhi miongoni mwa watoto walipungua na upungufu huo ulipimwa.

Naongeza angalizo kuhusu matuta. Mara nyingi mtoto akigongwa, wananchi wenye uchungu hufunga barabara na kujenga tuta la udongo siku hiyo hiyo. Ninauelewa uchungu huo kabisa, lakini tuta lisilo na rangi, lisilo na kibao wala rasta za kumshtua dereva kabla hajalifikia, humrusha mwendesha bodaboda usiku na kumuua mtu mwingine. Barabara ya Tanzam, ile iendayo Zambia, inapopita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, yapo matuta, vipo vibao, na imetangazwa wazi adhabu ya anayemgonga mnyama. Hiyo ni kazi nzuri, na inathibitisha kwamba tukiamua kuwa kipande fulani cha barabara kuu kinahitaji mwendo mdogo, tunaweza kukifanya kiwe hivyo. Naomba uamuzi huo huo ufanywe kwa ajili ya watoto wa shule.

---

Dereva wa Masafa amejibu:

Ninawaheshimu wote waliotangulia, ila naomba nasi wa usukani tusikilizwe, maana kila mkakati unaoandikwa huanza na sisi na kuishia kwetu bila kutuuliza.

Yapo mambo ambayo serikali imeyafanya na yamesaidia. LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, ilipofunga mfumo wa kufuatilia mwenendo wa mabasi, tuliokuwa na tabia ya kukimbia tulilazimika kupunguza, kwa sababu ukizidi 80 kifaa kinalia ndani ya basi, abiria wanasikia, na taarifa inaonekana ofisini. Vilevile, zamani mabasi yalipozuiwa kusafiri usiku, yote yalitoka kituoni kwa pamoja saa kumi na mbili asubuhi, na kuanzia hapo ilikuwa ni kufukuzana hadi mwisho wa safari ili tusifike muda ukiwa umetupita. Zuio lile lilipoondolewa mwaka 2023, ratiba zilitawanyika, na shindano lile la alfajiri likapungua sana. Watu wengi walihofu kwamba usiku ungeua zaidi. Mimi naona kwamba hatari ya usiku inadhibitika kwa madereva wawili na mapumziko ya kweli, ilhali shindano la watu wote kwa saa moja halikuwa na dawa.

Lakini kifaa kile kiliwekwa kwa ajili ya mabasi. Gari binafsi linalotupita kwenye mpando, penye mstari usiokatika, halionekani na yeyote. Na hata kwenye mabasi, dereva ambaye hana mkataba wa maandishi, anayelipwa kwa safari, anayeambiwa na tajiri kwamba asipowahi kurudi kuna mwenzake anasubiri ufunguo, huyo ukimtoza faini ya shilingi 30,000 umemwadhibu aliyetumwa, aliyemtuma hata hajui. Mgomo wa madereva wa Aprili 2015 watu wanaukumbuka kwa usumbufu wa vituoni, na wengi wamesahau kwamba mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai. Mkakati unaotaka mwendo upungue umguse mmiliki kwa leseni yake ya usafirishaji, na umkague kwenye mikataba na saa za kazi kama unavyokagua matairi.

---

Mkaazi wa Nakuru amejibu:

Mwalimu, pokea salamu kutoka Kenya. Nimeona katika mijadala mingine ndugu wa Tanzania wakisema kwamba tatizo lenu ni kukosa taasisi moja inayosimamia usalama barabarani, kwa kuwa polisi na Baraza la Taifa la Usalama Barabarani wako Mambo ya Ndani, LATRA iko Uchukuzi, TANROADS, wakala wa barabara kuu, iko Ujenzi, TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iko TAMISEMI na hospitali ziko Afya. Hoja hiyo ina uzito, lakini naomba mtazame yaliyotupata sisi kabla ya kuitegemea.

Sisi tulianza na sheria za Michuki, ambazo waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, alizitangaza mwaka 2003 na zikaanza kutekelezwa Februari 2004: vidhibiti mwendo vya kilomita 80, mikanda kwa kila abiria wa matatu, sare kwa madereva na makondakta, mstari wa manjano ubavuni mwa gari. Miezi ya mwanzo nidhamu ilionekana kwa macho. Kisha usimamizi ukalegea, mikanda ikabaki kuwa kitambaa kichafu kinachovutwa gari likikaribia kizuizi cha polisi, na mwaka 2018 serikali ikalazimika kutangaza kwamba inazirudisha sheria zile zile. Taasisi moja nayo tunayo, NTSA, yaani Mamlaka ya Taifa ya Usafiri na Usalama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Mpango kazi wa taifa wa mwaka 2024 hadi 2028 ulizinduliwa Aprili 2024. Hata hivyo vifo vilivyoandikishwa vilikuwa 4,690 mwaka 2022, vikashuka hadi 4,324 mwaka 2023, na vikapanda tena hadi 4,748 mwaka 2024, na kundi kubwa zaidi miongoni mwa waliokufa ni watembea kwa miguu.

Tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani, lori lilitoka barabarani likawavamia wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara kuu, na watu 52 wakafariki. Baadaye likatolewa agizo kwamba wachuuzi waondolewe kandokando ya barabara. Wale akina mama walikuwa pale kwa sababu matatu husimama pale, na matatu husimama pale kwa sababu hapakuwa na kituo kilichojengwa mbali na lami. Ukimwondoa mchuuzi bila kukihamisha kituo na soko, atarudi, kwa maana riziki yake imesimama hapo. Kwa hiyo ikiwa mtaanzisha taasisi moja, ipeni fedha na mamlaka ya kumlazimisha mjenga barabara, vinginevyo itakuwa ofisi ya kutoa leseni na rambirambi.

---

Muuguzi wa Majeruhi amejibu:

Mwalimu, umeuliza serikali ianzie wapi. Mimi naomba ianzie kwenye kuhesabu, kwa sababu mkakati usiojua idadi ya waliokufa hauwezi kujua kama umefaulu.

Tazama kwa makini takwimu ulizozinukuu. Ajali 1,735, vifo 1,715. Karibu kila ajali moja ina kifo kimoja. Popote duniani ajali zinazojeruhi ni nyingi mara kadhaa kuliko zinazoua, na yeyote aliyefanya zamu katika wodi ya mifupa anajua kwamba hata kwetu ni hivyo. Kwa hiyo hesabu hiyo inatuonyesha ajali zile ambazo polisi walifika na kufungua jalada, hasa kwa kuwa kulikuwa na maiti. Katika ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018, vifo vilivyoripotiwa Tanzania kwa mwaka 2016 vilikuwa 3,256, ilhali makadirio ya shirika hilo yalikuwa 16,252. Hata ukisema makadirio yana kasoro zake, na yanazo, pengo la mara tano haliwezi kuachwa bila kufanyiwa kazi.

Niwaeleze pengo hilo linavyotokea. Kijana wa bodaboda anagongwa na gari lisilosimama. Wasamaria wanampakia kwenye bajaji, kichwa kikining'inia, bila mtu wa kushika shingo. Anafika kituo cha afya, anapewa rufaa hadi hospitali ya wilaya, kisha ya mkoa. Ndugu anakimbizana na PF3, fomu ya polisi ya kuruhusu matibabu ya majeruhi, kutoka kituo cha polisi. Wakati mwingine inaletwa, wakati mwingine inaletwa imeandikwa jina nusu, wakati mwingine haiji kwa sababu ajali ilitokea wilaya nyingine. Mguu unawekwa kwenye uzito wa kuvuta, anakaa wiki kadhaa, familia inauza pikipiki na baadaye shamba. Damu ikiganda kwenye mapafu akafariki wiki ya tatu, faili lake linafungwa kwa jina la ugonjwa uliomuua mwishoni, na mara nyingi hakuna anayelirudisha kwa polisi aliyeandika ajali, kama aliandikwa. Kwa kanuni ya kimataifa, aliyefariki ndani ya siku 30 kutokana na ajali ahesabiwe kuwa amekufa kwa ajali. Kanuni hiyo haina maana ikiwa daftari la wodi na daftari la kituo cha polisi hayakutani.

Na hesabu si suala la makaratasi tu. Tukijua mahali na saa ambapo majeruhi wanatoka, mhandisi anajua kivuko kijengwe wapi, na trafiki anajua akae wapi. Tukiendelea kuhesabu ajali za mabasi, ambazo hutangazwa, na kusahau za pikipiki na watembea kwa miguu, ambazo humuua mmoja mmoja, fedha zote zitaendelea kwenda kwenye mabasi.

Yapo mawili mengine ninayoyaona kila wiki. La kwanza ni kofia ngumu. Kofia nzuri iliyofungwa vizuri hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69, ila wengi tunaowapokea walikuwa na kofia ambayo kamba yake haikufungwa, ikaruka kabla kichwa hakijafika chini, na abiria wao hawakuwa na kofia kabisa. Nchini Rwanda dereva wa pikipiki hubeba kofia ya pili kwa ajili ya abiria, na abiria huivaa. Sisi tuliruhusu pikipiki kubeba abiria kwa kanuni za mwaka 2010, usafiri huo ukaenea hadi vijijini, lakini usimamizi wa kofia ya abiria haukuenea nao. Sheria ya 1973 nayo haikuwawazia watoto wadogo kabisa. Viti maalumu vya kuwafunga garini havimo.

La pili ni saa ya kwanza baada ya ajali. Serikali tayari ina mfumo wa m-mama, ambapo mjamzito au mtoto mchanga aliye hatarini hupigiwa simu namba 115 na kutafutiwa gari, ikiwa ni pamoja na magari ya watu binafsi walioingia makubaliano pale ambapo hakuna gari la wagonjwa. Mfumo huo umeokoa akina mama wengi, na mbinu yake inaweza kuwafaa majeruhi wa barabara kuu bila kuanza upya kutoka sifuri. Wanaofika kwanza kwenye ajali ni bodaboda na wauza mahindi. Wafundishwe namna ya kuzuia damu na namna ya kumbeba aliyevunjika shingo, wapewe namba moja ya kupiga, na wahakikishiwe kwamba hawatageuzwa kuwa washukiwa.

---

Mwalimu wa Njia Kuu amejibu:

Nawashukuru sana, hasa Dada Muuguzi. Sikuwahi kuziweka namba zile mbili kando kwa kando na kuziangalia namna hiyo. Shule na zahanati yetu ziko jirani, na mganga mfawidhi amekubali tuanze daftari la pamoja: nani amegongwa, wapi, saa ngapi, alikuwa kwa miguu au kwenye chombo gani, na hali yake siku 30 baadaye. Tutalipeleka kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mhandisi, naomba unieleze barua ya kuomba kivuko kilichoinuliwa iandikwe kwa nani na iwe na nini ili isiwekwe pembeni.

---

Mhandisi Lami amejibu:

Kwa kuwa ni barabara kuu, iandikeni kwa Meneja wa TANROADS wa mkoa, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri na kwa RTO, yaani mkuu wa trafiki wa mkoa. TARURA hawahusiki na lami hiyo. Tajeni kipande chenyewe kwa nguzo za kilomita, kuanzia nguzo ipi hadi ipi, kwa sababu kwenye bajeti ya matengenezo barabara hutambuliwa kwa nguzo hizo, wala si kwa jina la shule. Andikeni idadi ya wanafunzi wanaovuka asubuhi na mchana, ambatanisheni muhtasari wa kikao cha kata na nakala ya daftari lenu, na chorani ramani ya mkono inayoonyesha shule, zahanati, soko na mahali mabasi yanaposimama. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 60 kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, kwa hiyo nafasi ya njia ya miguu na ya kituo cha mabasi kilicho mbali na lami huenda ipo, mradi vibanda visiwe vimeijaza. Onyesheni navyo kwenye ramani. Ombeni pia ukaguzi wa usalama wa kipande hicho ufanyike kabla ya kazi yoyote ya kuweka lami mpya, kwa sababu lami mpya bila vivuko itaongeza mwendo. Barua ifike kabla bajeti ya mwaka wa fedha haijafungwa, na atakayeipeleka arudi na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.